Wakala wa Kazi za Nyumbani Ughaibuni: Usalama wa Binti Huamuliwa Kabla Hajaondoka Same

Na Mwandishi Wetu

Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ni njia panda ya safari nyingi. Barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Tanga kwa upande mmoja, Moshi na Arusha kwa upande mwingine, inapita mjini Same, na upande wa mashariki wilaya inapakana na nchi jirani ya Kenya. Kutoka vijiji vya Milima ya Pare kama vile Chome, Suji, Mbaga na Vunta, na kutoka tambarare za Hedaru, Makanya na Ndungu, vijana wamekuwa wakishuka na kupanda mabasi kwenda kutafuta maisha mijini. Miongoni mwao wamo mabinti wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika familia za watu wengine.

Kwa miaka mingi safari hizo ziliishia Moshi, Arusha au Dar es Salaam. Siku hizi kwa Watanzania wengi safari ya kazi za nyumbani imerefuka hadi Muscat, Dubai na Riyadh. Safari ya namna hiyo binti haianzi peke yake. Yupo mtu anayemweleza kuhusu kazi, anayemsaidia kupata hati, anayemkutanisha na mwajiri na anayempokea au kumkabidhi kwa mwingine. Mtu huyo ndiye anayeitwa wakala, na pengine dalali.

Makala haya yanaeleza kazi ya wakala, fedha yake inakotoka, yanayoharibika katika mnyororo wa uwakala, na namna nchi nyingine, hususan Ufilipino, zilivyojaribu kuudhibiti. Yanalenga kumsaidia mzazi, binti na kiongozi wa kijiji kujibu swali moja la msingi: mambo yakiharibika huko aendako, ni nani hapa nyumbani atakayewajibika?

Kwa nini wakala anahitajika

Uwakala wenyewe si uovu. Familia ya Muscat inayohitaji msaidizi haiwezi kumfahamu binti wa Vunta, wala binti wa Vunta hawezi kubisha hodi katika nyumba ya Muscat. Anahitajika mtu wa kati anayezijua pande zote mbili, anayefahamu taratibu za viza, vipimo vya afya, mkataba na tiketi. Akifanya kazi yake kwa uaminifu, binti hupata kipato, familia yake hupata ada ya shule au mabati ya nyumba, na nchi hupata fedha za kigeni.

Tatizo ni kwamba mtu wa kati mara nyingi si mmoja. Tuchukue mfano wa binti wa miaka 22 wa kijiji cha milimani. Anayemletea habari ni mtu wa karibu: jirani, ndugu wa mbali, rafiki aliyekwisha kwenda, au mama mfanyabiashara anayefahamika gulioni. Huyo humpeleka kwa mtu wa mjini, Dar es Salaam au Zanzibar, anayeshughulikia hati na usafiri. Mtu wa mjini naye hufanya kazi na ofisi ya uwakala iliyoko Oman, Falme za Kiarabu au Saudi Arabia. Ofisi hiyo ndiyo inayozungumza na mwajiri. Kati ya binti na mwajiri kuna mikono mitatu, na kila mkono unachukua kitu.

Katika mnyororo huo, anayeaminiwa zaidi ndiye anayejua kidogo zaidi. Jirani aliyeleta habari anaaminiwa kwa sababu ni mtu wa nyumbani, lakini aghalabu hamfahamu mwajiri, hajauona mkataba na hana ofisi. Anayeujua mkataba yuko mbali na hafahamiki kijijini. Imani iko upande mmoja, taarifa ziko upande mwingine.

Si jambo geni

Nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya watu kukusanywa na kupelekwa mbali kufanya kazi. Mwaka 1944, wakati wa utawala wa Mwingereza, wenye mashamba ya mkonge walianzisha chombo cha kukusanya vibarua kilichojulikana kwa kifupi kama SILABU. Mawakala wake walikwenda maeneo ya mbali kama Kigoma na Songea, wakawasajili wanaume kwa kandarasi na kuwasafirisha hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na ya kandokando ya reli iliyopita hapa Upareni. Vibarua hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro nyingi, na Taifa huru liliuacha. Hata hivyo unabaki na fundisho: masharti ya kazi ya kibarua yaliamuliwa siku aliyoweka alama ya dole gumba kwenye karatasi, akiwa bado kwao, kabla hajauona mkonge. Ndivyo ilivyo kwa binti wa leo anayekwenda ughaibuni. Mambo mengi yatakayomkuta huko huwa yamekwisha kuamuliwa kabla hajapanda basi.

Fedha inatoka wapi

Mabinti wengi huambiwa kuwa safari ni ya bure. Kwa maana ya fedha taslimu, kauli hiyo yaweza kuwa kweli. Katika nchi za Ghuba, kwa kawaida mwajiri ndiye anayelipa ofisi ya uwakala gharama za viza, tiketi na malipo ya huduma. Sehemu ya fedha hizo hurudi nyuma kwa kila aliyeshiriki, hadi kwa yule aliyeleta habari kijijini.

Lakini safari isiyolipiwa na binti inalipwa na mtu mwingine, naye anayelipa hutarajia kitu. Mwajiri aliyetoa fedha nyingi kabla ya siku ya kwanza ya kazi anaweza kujiona amekwisha kumnunua mfanyakazi kwa muda wote wa mkataba, ambao aghalabu ni miaka miwili. Binti akisema kazi imemshinda, jibu analopewa ni kwamba arudishe kwanza gharama. Hapo ndipo safari ya bure inapogeuka kuwa deni.

Deni hilo linapata nguvu zaidi kutokana na mfumo wa udhamini unaojulikana kama kafala. Chini ya mfumo huo, kibali cha mfanyakazi cha kuishi katika nchi husika hufungamanishwa na mwajiri aliyemdhamini. Akiondoka katika nyumba hiyo bila ridhaa ya mwajiri, anaweza kuhesabiwa kuwa ametoroka na kupoteza uhalali wa kuishi nchini humo. Mfanyakazi wa kiwanda anayo milango mingi ya kulalamikia. Mfanyakazi wa nyumbani yuko ndani ya nyumba ya mtu, na ufunguo wa mlango unaweza kuwa mikononi mwa yule anayemlalamikia.

Si waajiri wote walio wabaya, na wapo Watanzania waliofanya kazi Ghuba kwa miaka, wakaheshimiwa na kulipwa. Oman, kwa mfano, ina watu wengi wenye asili ya Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki wanaozungumza Kiswahili. Jambo hilo limewarahisishia wafanyakazi wa Tanzania kupata kazi huko na kuelewana na familia. Hata hivyo lugha moja haitoshi kuwa ulinzi. Ulinzi hutokana na utaratibu unaomgusa pia mwajiri asiye mwema.

Kwa nini binti anaondoka

Kumlaumu binti au mzazi hakusaidii. Mapato ya kilimo hupanda na kushuka. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba hutegemea bei ya msimu, na mfugaji au mkulima wa tambarare za Same hutegemea mvua ambayo mara nyingi haitoshi. Kwa upande wa kazi za nyumbani hapa nchini, Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, ilimpangia mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Binti anayeambiwa kuwa kazi ileile ughaibuni inalipa mara kadhaa ya kiasi hicho, chakula na malazi vikiwa juu ya mwajiri, ana sababu ya kusikiliza.

Kwa hiyo suala si kama aende au asiende. Mtu mzima ana haki ya kutafuta riziki popote. Suala ni aende kwa njia ipi, na mikononi mwa nani.

Yaliyobainika

Mwezi Novemba mwaka 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani nchini Oman na Falme za Kiarabu. Miongoni mwa waliohojiwa walikuwa wanawake 50 wa Kitanzania waliowahi au waliokuwa bado wakifanya kazi huko. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi kwa saa nyingi bila siku ya mapumziko, na kulipwa chini ya ahadi au kutolipwa kabisa. Baadhi walieleza kupigwa na kudhalilishwa.

Kwa mada ya makala haya, la kuzingatia zaidi ni mwanzo wa matatizo hayo. Ahadi iliyotolewa nyumbani na hali iliyokutwa ugenini zilikuwa vitu viwili tofauti: mshahara mwingine, idadi nyingine ya watu wa kuhudumiwa, masharti mengine ya kazi. Aliyetoa ahadi alikuwa amekwisha kupokea chake na hakuwa na la kujibu. Pale ambapo binti alisafiri nje ya utaratibu rasmi, bila mkataba uliothibitishwa, hata balozi wa nchi yake hakuwa na karatasi ya kumwonesha mwajiri.

Uzoefu wa Ufilipino

Nchi inayotajwa mara nyingi katika mjadala huu ni Ufilipino, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikipeleka wafanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba, Hong Kong, Singapore na kwingineko. Ilianza kwa kujaribu kuwaondoa mawakala binafsi. Sheria ya Kazi ya mwaka 1974 ililenga kuikabidhi Serikali kazi ya kupeleka wafanyakazi nje. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba Serikali peke yake haiwezi kutafuta waajiri, kusaili watu na kuwasafirisha kwa wingi uliohitajika. Mwaka 1978 mawakala binafsi waliruhusiwa tena, safari hii chini ya leseni na usimamizi.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya msiba. Mwezi Machi mwaka 1995, mfanyakazi wa nyumbani Mfilipino, Flor Contemplacion, alinyongwa nchini Singapore baada ya kutiwa hatiani kwa mauaji. Wananchi wengi wa Ufilipino waliona kuwa nchi yao haikumtetea vya kutosha, na hasira ikaenea nchi nzima. Mwezi Juni mwaka huohuo ilipitishwa Sheria Namba 8042 kuhusu wafanyakazi walioko nje ya nchi.

Kiini cha sheria hiyo ni kipengele kimoja kinachostahili kueleweka vizuri. Wakala aliyempeleka mfanyakazi nje anawajibika pamoja na mwajiri wa ughaibuni kwa madai ya fedha yanayotokana na mkataba. Mwajiri asipolipa mshahara, mfanyakazi halazimiki kumfuata mwajiri huyo jangwani. Anaweza kumdai wakala, mwenye ofisi na leseni mjini Manila, mbele ya chombo cha kazi cha nchi yake na kwa lugha yake. Leseni nayo haitolewi bila wakala kuweka dhamana na amana ya fedha benki, ili siku ya madai kuwe na cha kulipia.

Kipengele hicho kilibadilisha hesabu za wakala. Wakala anayejua kwamba hasara ya mfanyakazi itarudi mfukoni mwake ana sababu ya kumchunguza mwajiri kabla ya kumpelekea mtu. Asiye na cha kupoteza hana sababu hiyo, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani.

Yalifuata mambo mengine. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, Ufilipino iliwazuia mawakala kumtoza mfanyakazi wa nyumbani ada ya kumtafutia kazi, ikaweka kima cha chini cha mshahara cha dola 400 za Marekani kwa mwezi, na ikamtaka mfanyakazi awe na cheti cha mafunzo. Mkataba huhakikiwa na maofisa kazi walioko katika balozi zake, na msafiri hupewa semina kabla ya kuondoka. Mwaka 2010 sheria ilirekebishwa ili wakala amkatie mfanyakazi bima. Mwishoni mwa mwaka 2021 ilipitishwa sheria ya kuunda wizara kamili ya wafanyakazi walioko nje.

Hata hivyo Ufilipino si pepo ya wafanyakazi wa nyumbani. Ada iliyopigwa marufuku imekuwa ikirudi kwa jina la gharama za mafunzo au vipimo. Mwezi Februari mwaka 2018, mwili wa mfanyakazi wa Kifilipino, Joanna Demafelis, ulikutwa ndani ya jokofu nchini Kuwait. Serikali ya Ufilipino ilisitisha kupeleka wafanyakazi wapya huko, na mwezi Mei mwaka huo nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano yaliyogusa, pamoja na mengine, haki ya mfanyakazi kutonyang'anywa pasipoti na kubaki na simu yake. Sheria nzuri haikumaliza ukatili, lakini iliipa nchi mahali pa kusimama ilipodai haki ya raia wake.

Majirani na marufuku

Njia nyingine iliyojaribiwa katika ukanda wetu ni kupiga marufuku. Kenya ilisitisha safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Ghuba mwaka 2014 na kufuta leseni za mawakala, kisha ikafungua tena mwaka 2017 kwa masharti mapya ya usajili. Uganda nayo ilizuia mwaka 2016, kisha ikaruhusu tena mwaka uliofuata.

Marufuku hutoa nafasi ya kupanga utaratibu upya, lakini ina gharama zake. Mlango rasmi ukifungwa, mwenye shida hutafuta upenyo, na kwenye upenyo anakutana na dalali asiye na leseni. Kwa wilaya ya mpakani kama Same hatari hiyo ni dhahiri: binti anaweza kuvushwa kwa basi hadi nchi jirani na kupanda ndege huko, bila jina lake kuonekana katika daftari lolote la ajira hapa nchini.

Sheria za Tanzania zinasemaje

Tanzania Bara inayo Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira, Namba 9 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo msingi wa usimamizi wa mawakala wa ajira. Mwaka 2014 zilitolewa kanuni mahususi za mawakala binafsi. Kwa mujibu wa utaratibu huo, wakala ni lazima awe amesajiliwa, na kazi yake ni kumuunganisha mtafuta kazi na mwajiri. Masuala ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005. Kwa hiyo binti wa Same anayepelekwa kupitia Zanzibar aelewe kwamba wakala wa huko anasimamiwa na mamlaka za huko, na usajili wake uulizwe huko.

Sheria nyingine muhimu ni ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Namba 6 ya mwaka 2008. Sheria hiyo inawagusa wanaomkusanya, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea mtu kwa lengo la kumtumikisha, hata wakitumia kisingizio cha ajira ya ndani au nje ya nchi, mafunzo au uanagenzi. Aliyemdanganya binti kwa ahadi ya kazi ya mapokezi hotelini kisha akamkabidhi kwenye utumwa wa nyumbani hawezi kujitetea kwamba alitumia neno ajira.

Katika ngazi ya kimataifa, Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada. Mkataba Namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani, unataka mfanyakazi anayekwenda nchi nyingine apewe mkataba au ahadi ya kazi kwa maandishi kabla hajavuka mpaka, na awe na haki ya kutunza mwenyewe hati zake za safari. Misingi hiyo ni kipimo kizuri hata kwa mzazi ambaye hajawahi kuingia katika ofisi ya kazi.

Maswali ya kumuuliza wakala

Wapare wanaotumia maji ya ndiva wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Maji yaliyokusanywa katika bwawa la asili hugawiwa kwa zamu, chini ya msimamizi anayefahamika. Shamba likikosa maji, inajulikana ni nani wa kuulizwa. Binti hapaswi kukabidhiwa kwa utaratibu uliolegea kuliko ule wa maji. Kabla ya kukubali, familia imwulize wakala maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe.

Kwanza, jina lake kamili ni nani, ofisi yake iko wapi, na cheti cha usajili kiko wapi? Nakala ichukuliwe, kisha uhalali wake uulizwe katika Ofisi ya Kazi. Wakala halali hakasiriki kuulizwa cheti.

Pili, mwajiri ni nani na anaishi wapi? Jibu la kwamba atajulikana akifika huko lina maana kwamba binti anapelekwa kwa mtu ambaye hata wakala hamjui.

Tatu, mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha ambayo binti anaielewa? Uoneshe mshahara kwa tarakimu na kwa sarafu, siku ya mapumziko, idadi ya watu wa kuhudumiwa, muda wa mkataba na nani atalipa tiketi ya kurudi. Mkataba wa kutiwa saini uwanja wa ndege, abiria wakiwa wamekwisha kuitwa, haujasomwa na mtu.

Nne, viza ni ya aina gani? Anayekwenda kufanya kazi kwa viza ya matembezi anaanza safari akiwa amekosa uhalali, na kila atakayemwonea atalijua hilo.

Tano, nani amelipa nini, na kiasi gani kitakatwa kwenye mshahara? Kama kuna makato, yaandikwe. Ada ya pasipoti hulipwa Serikalini na hutolewa risiti. Mtu anayedai fedha ya pasipoti bila risiti aulizwe sababu.

Sita, binti akitaka kurudi kabla ya muda, nini kitatokea? Swali hili ndilo linaloonesha kama kuna deni lililofichwa.

Saba, mambo yakiharibika, wakala huyu atafanya nini, na tukimkosa yeye tumwone nani? Asiye na jibu la swali hili hajawa wakala. Ni mpita njia.

Baada ya kuondoka

Familia ibaki na nakala za pasipoti, viza, mkataba na cheti cha wakala, pamoja na anwani na simu ya mwajiri. Binti aondoke akiwa amekariri walau namba mbili za simu, kwa sababu simu yenyewe inaweza kuchukuliwa. Tanzania ina balozi Muscat, Abu Dhabi, Riyadh, Doha na Kuwait. Namba ya ubalozi wa nchi anayokwenda iandikwe mahali asipoweza kunyang'anywa. Akifika, ajitambulishe ubalozini. Familia na binti wakubaliane pia neno moja la kawaida ambalo, akilitaja katika mazungumzo, litamaanisha kwamba hayuko salama na anasikilizwa.

Mawasiliano yakikatika, taarifa itolewe mapema kwa mtendaji wa kijiji au kata, polisi kupitia dawati la jinsia na watoto, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU, ambacho hushughulika na wafanyakazi wa majumbani, nacho ni mahali pa kupata ushauri. Aibu isiwe sababu ya kunyamaza. Binti aliyerudi mikono mitupu hajaiaibisha familia, na taarifa yake inaweza kumwokoa wa nyumba ya pili.

Viongozi wa vijiji wanayo nafasi yao. Jamii ambayo huitana kwa msaragambo kuchimba mfereji au kujenga darasa haishindwi kuweka daftari la vijana wanaokwenda kufanya kazi nje, lenye jina la aliyewapeleka. Daftari hilo halimzuii mtu kuondoka. Linamfanya wakala ajue kwamba jina lake limebaki kijijini.

Hilo ndilo jambo ambalo Ufilipino ililitungia sheria, na ambalo familia ya Same inaweza kuanza kulitekeleza leo kwa kalamu na karatasi. Wakala mwenye jina, ofisi, cheti na mkataba anaweza kuitwa kujibu. Anayekataa kuacha jina lake asipewe binti.